Millais, Hunt au Rossetti: uanze na mchoraji yupi wa enzi za Malkia Victoria?

Ukishaanza kupenda uchoraji wa Uingereza wa karne ya 19, majina matatu yanakukabili kwa pamoja: John Everett Millais, William Holman Hunt na Dante Gabriel Rossetti. Walikuwa vijana wa London, wote walipitia shule ya Royal Academy, taasisi kuu ya sanaa ya Uingereza, na Septemba 1848 walikutana nyumbani kwa wazazi wa Millais, namba 83 Gower Street, wakaanzisha udugu wa wachoraji walioupa jina la Kabla ya Raphael. Malalamiko yao yalikuwa kwamba walimu wa wakati ule wanafundisha kumwiga Raphael, mchoraji Mwitaliano wa mwanzo wa karne ya 16, bila kufikiri: vivuli vya kahawia kila pembe, watu wamepangwa mithili ya piramidi, nyuso zimelainishwa mpaka hazina mtu ndani. Wao walitaka kuchora kitu kama kilivyo mbele ya macho. Wengine wanne wakajiunga, wakatimia saba, na kwenye picha za mwanzo waliandika herufi PRB (Pre-Raphaelite Brotherhood, jina la udugu huo kwa Kiingereza) bila kumweleza mtu maana yake.

Kufikia 1853 udugu ulikuwa umekwisha kusambaratika, na watatu hawa kila mmoja ameshika njia yake. Hapo ndipo mwanafunzi anayetafuta mada ya insha, mchoraji anayetafuta mtu wa kujifunza kwake, au mtu aliyepo Uingereza na ana Jumamosi moja tu, anapokwama. Kuwasoma wote kwa juujuu ni rahisi, ila hakukupi kitu. Ni bora kuanza na mmoja.

Vigezo vya kuwapimia

Nimewapima kwa mambo sita: walikotoka, ufundi wa mkono, picha ya kuanzia, namna walivyopata riziki, doa lao, na urahisi wa kuzifikia kazi zao, hata kwa mtu mwenye simu na bando tu. Umaarufu sikuuweka, kwa sababu wote watatu wanao wa kutosha. Wala bei za mnadani, maana hakuna anayesoma hapa kwa nia ya kununua.

Walikotoka

Millais alizaliwa Southampton mwaka 1829, katika familia yenye asili ya kisiwa cha Jersey. Alikuwa mtoto wa ajabu kwelikweli: aliingia shule ya Royal Academy akiwa na miaka 11, na hakuna mwingine aliyewahi kuingia akiwa mdogo hivyo. Wazazi walihamia London kwa ajili ya kipaji chake. Kwa maneno mengine, mlango ulikuwa wazi kabla hajabisha.

Hunt, aliyezaliwa Cheapside, London, mwaka 1827, hakuwa na bahati hiyo. Baba yake alikuwa msimamizi wa ghala, na kijana alipelekwa kufanya kazi ya ukarani akiwa na miaka 12 hivi. Alichora jioni, kwa kujiibia muda. Royal Academy ilimkataa kabla ya kumkubali mwaka 1844. Ukimwona baadaye anang'ang'ania picha moja kwa miaka, ukumbuke alikotoka.

Rossetti alizaliwa London mwaka 1828, lakini nyumbani kwao kulizungumzwa Kiitaliano. Baba yake, Gabriele, alikuwa mshairi aliyekimbia nchi yake kwa sababu za kisiasa, akawa anafundisha Kiitaliano King's College. Dada yake Christina ni miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiingereza wa karne ile. Watoto wa nyumba hiyo walilelewa na mashairi ya Dante Alighieri, na Rossetti alilipenda jina hilo kiasi cha kulitanguliza mbele ya majina yake mengine. Ni mchoraji aliyeanza na maneno, na kwa kweli hakuwahi kuyaacha.

Mkono

Hapa tofauti ni kubwa, na kwa anayetaka kujifunza kuchora ndicho kigezo cha kuangalia kwanza.

Hunt na Millais walitumia mbinu moja katika miaka ya mwanzo. Kanvasi hupakwa rangi nyeupe, ikaachwa ikauke. Siku ya kazi, sehemu ndogo tu, ile unayoweza kuimaliza siku hiyo, hupakwa tena utando mwembamba wa rangi nyeupe mbichi, na juu yake rangi nyingine huwekwa kwa brashi nyembamba sana. Mwanga hupenya rangi, ukagonga ule weupe chini, ukarudi machoni pako. Ndiyo sababu kijani cha picha zao kinawaka kuliko cha mchoraji yeyote wa kizazi kilichowatangulia. Hatari yake ni kwamba ukikosea, huwezi kusugua na kurekebisha ovyo. Unachafua weupe, na kazi ya siku nzima imekwenda.

Millais aliifanya mbinu hii ionekane nyepesi. Baadaye akaiacha. Alikuwa na mke na watoto wanane wa kulisha, na kazi inayokula mchana kutwa kwa kipande cha kiganja haikulipa. Picha zake za uzeeni zimepakwa kwa brashi pana, kwa haraka na kwa kujiamini. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona mkono haukupotea, ila subira.

Hunt hakuiacha hadi macho yalipomsaliti. Rangi zake ni kali, wakati mwingine kali mno: waridi karibu na kijani karibu na zambarau, bila kukupa pa kupumzisha jicho. Kuna watu wanaokimbia picha zake kwa sababu hiyo hiyo, na siwashangai.

Rossetti, tuseme ukweli, hakuwa na uvumilivu wa kujifunza. Alikwenda kwa mchoraji Ford Madox Brown, akapewa chupa za kuchora, akachoka, akahamia kwa Hunt. Upimaji wa umbali ulimshinda maisha yake yote. Vyumba vyake vimebana, sakafu zimeinuka, watu wamesukumwa mbele hadi karibu wakuangukie. Lakini rangi alikuwa nazo. Picha zake za rangi za maji za miaka ya 1850, zilizochorwa kwa rangi nzito karibu kavu, zinang'aa kama vioo vya madirisha ya kanisa. Na alipogeukia picha kubwa za mwanamke mmoja, nywele, shingo na mikono, udhaifu wake wa kupima umbali haukuwa na maana tena, kwa sababu hapakuwa na umbali wa kupima.

Picha ya kuanzia

Kwa Millais anza na Ophelia, iliyoko Tate Britain, jumba la sanaa la London. Ni msichana wa tamthilia ya Hamlet anayeelea mtoni kabla hajazama. Millais alianza na mto, si na msichana. Kuanzia Julai 1851 aliketi kando ya mto Hogsmill, Surrey, miezi kadhaa, akichora kila jani mahali lilipoota. Kwenye barua aliyoandika wakati huo analalamika kuhusu nzi, upepo unaotaka kumsukumia majini, na tishio la kushitakiwa kwa kukanyaga nyasi za watu. Msichana alimwongeza baadaye, mjini: Elizabeth Siddal, akiwa amelala ndani ya beseni la kuogea lililojaa maji, amevaa gauni kuukuu lenye nakshi za fedha ambalo Millais alilinunua kwa pauni 4. Maji yalipashwa moto kwa taa zilizowekwa chini ya beseni. Siku moja taa zikazimika, mchoraji akiwa kazama kazini hata hakuona, na Siddal hakusema neno. Aliugua, na baba yake akadai alipwe gharama za daktari.

Angalia mkono wake wa kulia uliofunguka juu ya maji, kisha ufuate maua yaliyotapakaa mbele ya gauni. Kuna mpopi mmoja mwekundu. Uukumbuke, tutakutana na mpopi mwingine.

Kwa Hunt wengi watakuelekeza The Light of the World, ile ya Kristo amesimama usiku na taa, akibisha mlango uliosongwa na magugu. Ina haki yake. Msomaji aliyekua na kalenda za kanisa ukutani ataitambua mara moja, kwa sababu wachoraji wengi wa baadaye waliifuata, mlango hauna kitasa upande wa nje, na aya yake ni ile ya Ufunuo 3:20, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Ya kwanza iko Keble College, Oxford. Kubwa, aliyoichora uzeeni kwa msaada wa mwenzake kwa sababu ya macho, ilizungushwa Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini kati ya 1905 na 1907, ikaishia kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Ila mimi ningekupeleka kwanza kwa The Scapegoat, mbuzi wa Azazeli. Hunt alisoma Mambo ya Walawi sura ya 16, mahali mbuzi anabebeshwa dhambi za watu na kuachiliwa nyikani, akaamua kwamba mbuzi huyo hawezi kuchorwa Surrey. Mwaka 1854 alisafiri hadi Palestina, akapiga kambi ufukweni mwa Bahari ya Chumvi akiwa na mbuzi, brashi na bunduki. Mbuzi akafa. Akanunua mwingine, akaimalizia picha Jerusalem akimsimamisha kwenye trei yenye chumvi na matope aliyoyabeba kutoka kule. Matokeo yake: mnyama aliyechoka, miguu inazama kwenye ganda la chumvi, utepe mwekundu pembeni mwa pembe zake, na nyuma milima ya zambarau ambayo watu wa London hawakuamini kwamba ipo. Hunt anasimulia kwamba mfanyabiashara wa picha, Ernest Gambart, alipoiona hakuelewa mbuzi huyo ana habari gani. Fremu yenyewe Hunt aliibuni, ikiwa na maneno ya Biblia juu na chini. Ni picha inayochukiza kidogo, na haisahauliki.

Kwa Rossetti anza na Beata Beatrix. Elizabeth Siddal, yule yule wa beseni, aliolewa na Rossetti mwaka 1860, akajifungua mtoto mfu mwaka 1861, na Februari 1862 akafa kwa kunywa laudani nyingi, dawa ya kioevu iliyotengenezwa kwa afyuni. Kwenye picha hii, aliyoimaliza miaka kadhaa baadaye, Rossetti kamchora kama Beatrice, mpenzi wa yule mshairi Dante Alighieri, amefumba macho, kidevu kimeinuka. Ndege mwekundu anamletea mikononi ua jeupe la mpopi, mmea ule ule unaotoa afyuni. Kivuli cha saa ya jua kinaelekea namba 9. Ukiiweka kando ya Ophelia, mwanamke mmoja na ua moja, miaka kumi na zaidi kati yake, utaelewa kwa nini watu hawachoki kuwazungumzia hawa.

Riziki

Hapa nitakuwa mfupi. Ophelia iliuzwa kwa gini 300 (gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja), na kutoka hapo Millais hakurudi nyuma. Alipewa cheo cha baronet mwaka 1885, akawa rais wa Royal Academy mwaka 1896, miezi michache kabla ya kufa. Picha yake ya mjukuu anayepuliza mapovu, Bubbles, ilinunuliwa na kampuni ya sabuni ya Pears ikageuzwa tangazo. Mtoto huyo alikuja kuwa admirali wa jeshi la majini, na inasemekana mapovu hayakuacha kumfuata.

Hunt alichora picha chache na kuzitoza ghali. The Finding of the Saviour in the Temple ilimchukua miaka sita, na mwaka 1860 aliiuza kwa gini 5,500 pamoja na haki ya kuchapa nakala, fedha ambazo wakati huo hakuna mchoraji Mwingereza aliye hai aliyekuwa amezipata kwa picha moja.

Rossetti alichoka na wakosoaji mapema na akaacha karibu kabisa kuonyesha kazi hadharani. Aliuzia matajiri wachache wa viwandani na bandarini, kama Frederick Leyland wa Liverpool, mwenye meli. Nyumba yake ya Cheyne Walk, Chelsea, ilijaa vyombo vya kale na wanyama wa kila aina, akiwemo wombati kutoka Australia aliyempenda kupita kiasi.

Doa

Millais analaumiwa kwa mambo mawili. La kwanza ni hilo la kuuza kipaji kwa sabuni. La pili ni Effie Gray, mke wa John Ruskin, mhakiki aliyewatetea vijana hawa magazetini. Millais alikwenda nao Scotland mwaka 1853 kumchora Ruskin. Ndoa hiyo ilibatilishwa mwaka 1854 kwa kuwa haikuwahi kutimizwa, na mwaka uliofuata Effie akaolewa na Millais. Wakadumu hadi kifo. Ukiniuliza, lawama kubwa si yake.

Hunt alikuwa mgumu, mwenye kujihesabia haki, na Palestina aliitazama kama jukwaa la Biblia zaidi kuliko nchi ya watu walioishi humo. Kuna pia jambo la ndoa. Mke wake wa kwanza, Fanny Waugh, alifariki Florence mwaka 1866 baada ya kujifungua. Hunt akataka kumwoa Edith, mdogo wa marehemu. Kwa wengi wetu hilo lingeonekana la kawaida, hata la busara kwa ajili ya mtoto. Sheria ya Uingereza ililikataza mpaka mwaka 1907, kwa hiyo mwaka 1875 walikwenda kufungia ndoa Uswisi.

La Rossetti linatisha. Siku ya mazishi ya mkewe aliweka daftari lake la mashairi ndani ya jeneza. Oktoba 1869 kaburi lilifukuliwa usiku kwenye makaburi ya Highgate, daftari likatolewa, na mashairi yakachapishwa mwaka uliofuata. Yeye mwenyewe hakuwepo kaburini. Kisha yakaja mapenzi na Jane, mke wa rafiki yake William Morris, dawa ya usingizi iliyomtawala, na jaribio la kujiua mwaka 1872. Alifariki mwaka 1882 akiwa na miaka 53.

Msomaji wa Afrika ataona doa jingine ambalo vitabu vingi vya zamani viliruka. Katika The Beloved ya Rossetti, mtoto mweusi amewekwa mbele kabisa akiwa ameshika maua, ili weupe wa bibi harusi uonekane zaidi. Nyuma yake, katika kundi la wasichana, yumo Fanny Eaton, aliyezaliwa Jamaika, ambaye alikaa kuchorwa na wachoraji kadhaa wa kundi hili, Millais pia. Mtazame yeye kwanza, kisha rudi kwa bibi harusi.

Zilipo, na zinavyoonekana kwenye simu

Tate Britain, London, ina wote watatu, na kuingia kuona mkusanyiko wa kudumu ni bure. Manchester Art Gallery, nayo bure, ina Autumn Leaves ya Millais, The Hireling Shepherd na The Shadow of Death za Hunt, The Scapegoat ndogo ya kwanza, yenye upinde wa mvua, na Astarte Syriaca ya Rossetti. Kwa mtu wa Liverpool, Walker Art Gallery ina Isabella ya Millais na Dante's Dream, picha kubwa kuliko zote za Rossetti. Ng'ambo ya mto, katika jumba la sanaa la Lady Lever, ipo The Scapegoat kubwa. Wa Marekani amsogelee Rossetti: Delaware Art Museum, mjini Wilmington, ina hazina yake nzuri. Kabla ya kupanda treni angalia kama picha unayoifuata iko ukutani, maana huazimwa.

Kwa mtu wa simu: hawa wamekufa zamani, kazi zao hazina tena hakimiliki, na picha zenye ubora mkubwa zinapatikana bila malipo. Millais wa mapema na Hunt wanastahili bando lako, kwa kuwa kila ukikuza unapata kitu kipya: kwenye The Awakening Conscience ya Hunt, chini ya meza, kuna paka aliyemkamata ndege, na unaweza kuiangalia picha hiyo mara tatu usimwone. Rossetti akikuzwa hakupi maajabu hayo. Mpunguze, msogeze mbali, uache rangi ifanye kazi.

Yupi kwa nani

Kama unajifunza kuchora na unataka mkono wa kufuata, chukua Millais wa 1849 hadi 1856. Nakili kipande cha Ophelia, ukubwa wa kadi ya posta, majani tu. Utajua ndani ya saa moja unachokosa.

Kama ni mwalimu wa dini, mhubiri, au mtu anayetaka kufikiri jinsi Maandiko yanavyogeuka kuwa picha, ni Hunt. Yeye pia anakufaa ukipenda kuona kazi moja ikifuatwa kwa ukaidi, na kama unaandika insha: kumbukumbu zake za juzuu mbili za mwaka 1905 zimejaa habari za udugu huo, ingawa kila mahali anajipa nafasi ya mbele, kwa hiyo zisome kwa tahadhari.

Kama unaandika mashairi, au unavutiwa na mitindo, nywele, vitambaa na vito, nenda kwa Rossetti. Mara nyingi aliandika soneti na kuiweka kwenye fremu ya picha yenyewe, na Proserpine, yenye Jane Morris ameshika komamanga lililoumwa, ndiyo mahali pazuri pa kuona maneno na rangi vikivutana. Ukiwa katika msiba, mwache kwanza.

Kama shida yako ni mada ya insha ya maneno 3,000, Millais anakupa swali lililo tayari, la kipaji na soko, na ushahidi hauko mbali. Rossetti ana hadithi tamu mno kwa insha; ni rahisi kumaliza kurasa zote kwenye kaburi la Highgate bila kugusa picha hata moja.

Na ukiwa unakwenda Tate na watoto, wapeleke kwa Ophelia wakahesabu aina za maua, kisha kwa The Awakening Conscience wamtafute paka. Kwa Beata Beatrix watachoka mapema, kwa hiyo iache ya mwisho, au uirudie peke yako siku nyingine.